Tembo wa Raphia: Michezo ya Vita vya Kale na Wajibu wa Kuandika Kanuni

Utangulizi

Mwanasarufi anayesema kwamba nomino fulani "kwa kawaida" huingia katika ngeli fulani bado hajaandika kanuni. Ametoa taarifa ya jambo aliloliona mara kadhaa. Kanuni huanza pale anapolazimika kusema ni katika mazingira gani jambo hilo hutokea, ni lini halitokei, na kipi hufuata masharti yanapovunjwa. Wanafunzi wengi wa isimu huligundua hili kwa taabu: sentensi waliyodhani wanaielewa vizuri huwashinda siku wanapotakiwa kuitungia kanuni.

Mwanahistoria wa vita vya kale huweza kuishi miaka mingi bila kukutana na mtihani wa namna hiyo. Masimulizi humruhusu kuandika kwamba safu ilivunjika, askari wa farasi wakazunguka ubavuni, adui akatimua mbio, na msomaji akaridhika. Vitenzi hivyo ni sahihi kisarufi, lakini ndani yake mna maswali yasiyojibiwa. Safu huvunjika baada ya nini? Jemadari aliyekuwa upande wa kulia alijuaje habari za upande wa kushoto? Kwa nini jeshi lililopoteza sehemu ndogo tu ya watu wake liliikimbia vita yote?

Mahali ambapo maswali hayo hayakwepeki ni katika mchezo ambao wasomi wengi wameupuuza, yaani mchezo wa vita wa mezani. Watu wawili huketi pande mbili za meza iliyopangwa vilima, mito na misitu midogo. Kila mmoja ana jeshi la vijisanamu vya madini au plastiki vilivyopakwa rangi, mathalani Warumi wa zama za Hannibal au wapiga upinde wa Uingereza wa mwaka 1415. Husogeza vikosi kwa zamu, hupima mwendo kwa rula, na kuamua matokeo ya mapambano kwa dadu na majedwali. Mhadhara huu unadai kwamba katika mchezo huo kila kanuni ni dai la kihistoria, na kwamba thamani yake kubwa kwa taaluma iko katika kufichua mahali ushahidi unapokwisha. Ili kulithibitisha dai hilo, utafuatwa kwanza mkondo wa historia ya michezo ya vita, kisha lichunguzwe pambano moja, la Raphia la mwaka 217 K.K., ambako tembo wa Afrika walikutana na tembo wa Bara Hindi.

Neno sataranji na jeshi la viungo vinne

Kiswahili kina neno kongwe la mchezo wa vita, nalo ni sataranji. Msemaji wa leo hasikii ndani yake vita wala jeshi. Hata hivyo, asili yake ni neno la Kisanskriti chaturanga, lililoundwa kwa chatur, "nne", na anga, "kiungo". Kabla ya kuwa jina la mchezo, neno hilo lilikuwa jina la jeshi kamili, na hutumika hivyo katika tendi za kale za Kihindi. Viungo vinne vya jeshi hilo vilikuwa tembo, magari ya vita, askari wa farasi na askari wa miguu.

Mchezo wenyewe ulijulikana kaskazini mwa Bara Hindi kufikia takriban karne ya 6, ukapita Uajemi, na huko ukaitwa chatrang. Andiko moja la Kipahlavi husimulia kwamba mfalme wa Bara Hindi aliupeleka kama fumbo kwa Khosrow Anushirvan, aliyetawala Uajemi kuanzia mwaka 531 hadi 579, na kwamba waziri wake Buzurgmihr ndiye aliyelifumbua. Kisa hicho huenda ni hekaya, lakini kinaonyesha kuwa Waajemi wenyewe walikumbuka ulikotoka. Waarabu walipoupokea hawakuwa na sauti ch wala g katika Kiarabu fasaha, kwa hiyo chatrang ikawa shatranj, na wanakamusi wao wametaja pia matamshi yanayoanza kwa s. Kiswahili kikazitenga konsonanti zilizofuatana na kuweka irabu mwishoni: sa-ta-ra-nji. Umbo hili ni ushahidi wa njia. Kiswahili kina ch na kina ng. Kama neno lingepokewa moja kwa moja kutoka Bara Hindi, pasingekuwa na sababu ya kuzipoteza sauti hizo. Neno lilipita mikononi mwa Waarabu kwanza.

Vikete vya mchezo wa Kiarabu vilidumisha kumbukumbu ya jeshi la kale. Palikuwa na shah, yaani mfalme, na waziri wake. Palikuwa na rukh, jina la Kiajemi la gari la vita. Palikuwa na faras, ambaye Kiswahili humwita farasi. Na palikuwa na askari wa miguu na fil, yaani tembo. Jambo la kuangaliwa ni jinsi tembo huyo alivyotembea. Aliruka miraba miwili kimshazari, wala hakuweza kufanya lingine. Kwa sababu hiyo, katika ubao wa miraba 64 kila tembo aliweza kufikia miraba 8 tu. Mnyama aliyekuwa tishio kubwa vitani aliwekewa kanuni iliyomfanya kuwa kikete dhaifu.

Haijuzu kusema kwamba mtunzi wa kanuni hiyo alikusudia kueleza udhaifu wa tembo. Sataranji iliacha mapema kufananisha vita. Majeshi yake mawili hulingana kabisa, uwanja wake hauna kilima wala tope, kila mchezaji huona kila kitu, na kila kikete hutii amri papo hapo. Hayo manne ndiyo yaliyoshughulikiwa na kila mtu aliyetaka baadaye kuurudisha mchezo kwenye vita.

Kutoka ubao hadi ramani

Wa kwanza kutajwa kwa kawaida ni Johann Christian Ludwig Hellwig, mwanahisabati wa Brunswick, aliyechapisha mchezo wake mwaka 1780. Aliutanua ubao wa sataranji hadi miraba 1,617 na kuipaka rangi kwa aina ya ardhi: maji, milima, mabwawa, uwanda. Kwa hatua hiyo uwanja ulianza kuwa na sauti katika matokeo.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Prussia. Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme mwaka 1812 meza yenye vipande vya ardhi vinavyopangika, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizoiacha miraba kabisa. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vilivyowekwa juu ya ramani halisi yenye skeli ya 1:8,000. Kila zamu iliwakilisha dakika mbili. Dadu ziliamua athari ya risasi. Juu ya yote alikuwapo mwamuzi: wachezaji walimwandikia amri, naye aliweka juu ya ramani yale tu ambayo jicho la askari lingeweza kuyaona. Mkuu wa makao makuu ya jeshi, Karl von Müffling, alivutiwa nao mno, na mchezo ukasambazwa katika vikosi kwa mafunzo ya maofisa.

Reisswitz kijana alikuwa na bahati ambayo mtunzi wa mchezo wa vita vya kale hana. Bunduki na mizinga aliyoitungia majedwali ilikuwapo ghalani. Maofisa wa Prussia walikuwa wameifanyia majaribio na kuhesabu ni risasi ngapi zinalipata lengo kutoka umbali gani. Isitoshe, wasomaji wa kanuni zake walikuwa wamepigana na Napoleon na waliweza kumsahihisha. Kanuni zake zilisimama juu ya vipimo na kumbukumbu za watu walio hai. Hakuna aliye hai aliyewahi kusimama katika safu ya Wamasedonia na mkuki wa mita tano au zaidi.

Sanamu, sakafu na meza

Mchezo wa maofisa ulitumia vipande visivyo na sura. Vijisanamu vilitoka upande mwingine, kwenye sanduku la vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa madini wenye uwazi ndani, ambao walikuwa wepesi na wa bei nafuu. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari hao sakafuni, huku mizinga midogo ya springi ikirusha vijiti vya mbao. Wells alitaka msomaji aone kwamba vita vidogo vya namna hiyo ni bora kuliko vile vikubwa, na kwamba atakayecheza atatambua upumbavu wa vita halisi. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza.

Kivuli hicho hakijauacha mchezo huu, na wanaoutetea hawapaswi kukikwepa. Kijisanamu kilichopakwa rangi vizuri hakivuji damu. Cannae, ambako mwaka 216 K.K. jeshi la Hannibal liliua Warumi wapatao 48,000 kwa hesabu ya Livy, au takriban 70,000 kwa hesabu ya Polybius, huweza kurudiwa mezani baada ya chakula cha mchana. Kosa hilo, hata hivyo, si la mchezo peke yake. Tarakimu hizo hizo husomwa vitabuni bila msomaji kubadilika uso.

Zama za kale ziliingia katika mchezo wa mezani kwa nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Donald Featherstone wa Southampton, askari wa zamani wa vifaru, alichapisha War Games mwaka 1962, na ndani yake zilikuwamo kanuni za vita vya kale za Tony Bath. Mwaka 1965 Bath alianzisha Society of Ancients, chama ambacho jarida lake, Slingshot, limekuwa ukumbi wa mabishano makali kuhusu ngao, mikuki na farasi. Mwaka 1969 kundi la Wargames Research Group, ambalo Phil Barker alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, lilitoa kanuni za vita vya kale zilizoenea sana na kutolewa upya mara kadhaa.

Kanuni za miaka hiyo zilijaribu kuuziba upungufu wa ushahidi kwa wingi wa maelezo. Kila silaha ilipewa namba yake, kila vazi la chuma namba yake, na mchezaji akajumlisha na kutoa mpaka akapata idadi ya walioanguka. Ilikuwa njia ya Reisswitz iliyohamishiwa mahali ambapo vipimo vya Reisswitz havikuwapo. Jedwali lilionekana la kisayansi, lakini namba zake nyingi zilikuwa makisio ya watu wenye busara.

Kanuni kama dai

Mwaka 1990 Barker, akishirikiana na Richard Bodley Scott, alitoa kanuni fupi zilizoitwa De Bellis Antiquitatis, maarufu kwa kifupi DBA. Kila jeshi, liwe la Misri ya mafarao au la Waingereza wa karne ya 15, lina vipande 12 tu. Kila kipande ni kibao kidogo chenye vijisanamu vichache, nacho husimama badala ya mamia ya watu. Mchezo humalizika kwa muda usiozidi saa moja hivi. Kwa mtazamaji huu ni urahisishaji. Ukitazamwa kwa makini, ni mabadiliko ya nadharia.

Ichukuliwe kanuni ya amri. Mwanzoni mwa zamu yake mchezaji hurusha dadu moja. Namba inayotokea, kati ya 1 na 6, ndiyo idadi ya amri anazoweza kutoa. Kipande kimoja kikisogea peke yake hutumia amri moja. Vipande vilivyopangana bega kwa bega vikisogea pamoja hutumia pia amri moja tu. Hapa kuna dai lenye uzito: kwamba jemadari wa kale hakuwa mchezaji wa sataranji, kwamba aliweza kuutembeza mstari mzima mbele kwa urahisi, ila mstari ukishakatika hawezi tena kuvirudisha vipande vyake vyote mahali pake, na kwamba kutunza mpango wa safu kulikuwa na faida hata kabla ya upanga kuchomolewa. Polybius na wenzake wanapolalamika kwamba askari wa farasi walishinda wakatokomea katika kumfukuza adui, kanuni hii inaeleza kwa nini haikuwa rahisi kuwaita.

Ichukuliwe pia kanuni ya mwisho wa vita. Katika DBA jeshi lililopoteza vipande vinne, iwapo adui amepoteza vichache zaidi, limeshindwa. Vipande vinane vilivyobaki huweza kuwa salama salimini. Hili ni dai kuhusu woga. Linakubaliana na hoja ya Charles Ardant du Picq, ofisa wa Ufaransa aliyekufa katika vita ya mwaka 1870, ambaye aliandika kwamba katika vita vya kale mauaji makubwa yalifuata baada ya upande mmoja kugeuza mgongo, na kwamba kuvunjika kwa moyo ndiko kulikoamua pambano. Aliyeandika kanuni ya vipande vinne huenda amekosea namba. Hata hivyo, amesema waziwazi kile ambacho masimulizi hukiacha ndani ya kitenzi "walikimbia", na kwa kukisema amempa mpinzani wake mahali pa kushika.

Tembo wa Raphia

Pambano la Raphia lilipiganwa mwezi Juni mwaka 217 K.K., karibu na Rafah ya leo, mpakani mwa Gaza na Misri. Ptolemy wa Nne wa Misri alikuwa na askari wa miguu 70,000, wa farasi 5,000 na tembo 73. Antiochus wa Tatu, mfalme wa dola ya Waseleuki iliyokuwa na makao yake Shamu, alikuwa na askari wa miguu 62,000, wa farasi 6,000 na tembo 102. Tarakimu hizi zimetoka kwa Polybius. Tembo wa Antiochus walikuwa wa Bara Hindi. Wale wa Ptolemy walikamatwa Afrika, katika nchi za pwani ya Bahari ya Shamu ambazo leo ni sehemu za Sudani na Eritrea, ambako babu zake walikuwa wamejenga vituo vya uwindaji.

Polybius anaeleza kwamba tembo wachache wa Ptolemy walipigana, lakini wengi walikataa kusogea. Anasema ndiyo desturi ya tembo wa Afrika, kwa maana hawawezi kustahimili harufu na mlio wa tembo wa Bara Hindi, na huogopa ukubwa na nguvu zao. Ubavu wa kushoto wa Ptolemy ukavurugika. Antiochus akawafukuza walioshindwa, akaenda mbali kupita kiasi, na nyuma yake safu ya Ptolemy ya mikuki mirefu ikasonga mbele na kushinda vita.

Msimulizi anaweza kuishia hapo. Mtunzi wa kanuni hawezi. Mbele yake kuna angalau njia tatu. Ya kwanza ni kumfanya tembo wa Afrika kuwa dhaifu daima. Akifanya hivyo, udhaifu huo lazima umfuate hadi kwa tembo 80 wa Hannibal kule Zama mwaka 202 K.K., ambako hapakuwa na tembo wa Bara Hindi hata mmoja. Ya pili ni kumfanya dhaifu mbele ya tembo wa Bara Hindi tu. Ya tatu ni kutotofautisha, na kusema kwamba waliokuwa 73 walishindwa na waliokuwa 102. DBA imechukua njia ya kutotofautisha: tembo wa aina yoyote ni kipande cha aina moja.

Njia ya pili huonekana kuwa na shahidi mwingine. Livy, akisimulia pambano la Magnesia la mwaka 190 K.K., anasema Warumi waliwaweka tembo wao 16 wa Afrika nyuma kwa kuwa hawangeweza kuwakabili wale wa Antiochus, hata kama wangelingana kwa idadi. Lakini Livy, katika sehemu hii ya historia yake, alimtegemea Polybius. Mashahidi wawili wanarudi kuwa mmoja. Naye huyo mmoja alizaliwa takriban mwaka 200 K.K., baada ya pambano la Raphia kupiganwa.

Kuna ugumu mwingine. Tembo wa savana wa Afrika kwa wastani ni mkubwa kuliko tembo wa Bara Hindi. Vipi basi Polybius anamwita mdogo? Mwaka 1948 William Gowers, aliyekuwa Gavana wa Uganda kati ya mwaka 1925 na 1932, alichapisha hoja kwamba waandishi wa kale walisema kweli, kwa sababu tembo wa kivita wa Afrika walikuwa wa aina ndogo ya msituni. Hoja hiyo ilikubalika kote, ikaingia vitabuni, na kutoka vitabuni ikaingia katika mabishano ya wachezaji. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba vya tembo wachache waliosalia Eritrea ulionyesha kwamba wao ni tembo wa savana, bila dalili ya kuchanganyika na wa msituni. Shirika la IUCN, tangu mwaka 2021, huwahesabu tembo hao wa Afrika kuwa spishi mbili, kwa hiyo jambo hili haliwezi tena kupunguzwa kuwa tofauti ndogo ndani ya aina moja.

Uchunguzi huo haumalizi kesi. Tembo wa leo si lazima wawe wazao wa kila kundi lililowindwa na akina Ptolemy. Inawezekana waliokamatwa walikuwa wachanga, kwa kuwa ndio wanaofundishika. Inawezekana Polybius alirudia imani iliyokuwa imeenea miongoni mwa Wagiriki kwamba kila kitu cha Bara Hindi ni kikubwa zaidi. Inawezekana waelekezaji wa tembo wa Misri hawakuwa na ujuzi wa wenzao. Kwa miaka mingi, hata hivyo, maelezo ya Gowers yalifanya kazi kama kanuni iliyothibitishwa, ilhali yalikuwa njia ya kupatanisha sentensi moja ya mwandishi mmoja na maumbile ya mnyama.

Lugha nayo ina neno la kuongeza. Kiswahili humwita mnyama huyu tembo au ndovu, na jina la pili lina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu, kama njovu ya Kiganda na njogu ya Kikuyu. Hakuna katika maneno hayo utenganisho wa wa savana na wa msituni, achilia mbali wa Bara Hindi. Kigiriki cha Polybius nacho kilikuwa na jina moja, kikalazimika kuongeza jina la nchi. Jina la nchi likikaa kando ya jina la mnyama, ni rahisi kwa msomaji kudhani ametajiwa spishi, hali ametajiwa mahali tu.

Mchezaji ajuaye mwisho

Pingamizi kubwa dhidi ya michezo hii ni kwamba mchezaji anajua yaliyotokea. Katika Cannae ya mezani Mrumi hawezi kunaswa, kwa sababu anaujua mtego tangu shuleni. Reisswitz alilitatua tatizo la taarifa kwa mwamuzi. Lakini hakuna mwamuzi anayeweza kumsahaulisha mtu alichokisoma.

Jibu lililofikiriwa kwa kina zaidi lilitolewa na Philip Sabin wa King's College London katika kitabu chake Lost Battles cha mwaka 2007. Sabin alichukua mapambano 35, kuanzia Marathon ya mwaka 490 K.K. hadi Pharsalus ya mwaka 48 K.K., akayatungia kanuni moja ya jumla. Faida ya kanuni moja ni ileile inayojulikana na wanasarufi. Kanuni iliyotungwa kwa sentensi moja huifaa sentensi hiyo daima, na kwa hiyo haithibitishi lolote. Kanuni inayotakiwa kufaa sentensi 35 hujaribiwa na kila mojawapo. Mtu akiongeza nguvu za tembo ili Raphia itoke sawa, ataona mara moja anachokiharibu Zama. Kwa njia hii kujua mwisho wa pambano kunakuwa kipimo: kanuni zinazotoa matokeo yasiyoelekea kutokea zinahitaji kuangaliwa upya, au chanzo chenyewe kinahitaji kutiliwa shaka.

Herekali na safu za nyuma

Fasihi ya Kiswahili inayo vita vya zama hizohizo. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Mwengo wa Athman mwaka 1728. Herekali ni Heraclius, mfalme wa Rumi ya Mashariki kuanzia mwaka 610 hadi 641, na Tambuka ni Tabuk, ambako Waislamu walikwenda mwaka 630. Historia husema safari ile ilimalizika bila mapigano na Warumi. Utenzi una vita kuu.

Haitakuwa haki kumshitaki mtunzi wa utenzi kwa kosa la mwanahistoria. Utenzi huhitaji mashujaa wanaotajwa kwa majina, mapanga yanayong'aa na mwisho wenye mafundisho. Kanuni ya mchezo huhitaji watu ambao utenzi hauna nafasi nao: askari wa safu ya saba asiyeona lolote ila mgongo wa mwenzake, na ambaye ndiye wa kwanza kukimbia kwa kuwa yeye tu ndiye mwenye njia ya kupitia. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayejaribu kuyatungia kanuni mapambano ya Herekali atagundua upesi ni wapi mtunzi anazungumza kuhusu vita, na ni wapi anazungumza kuhusu imani na heshima. Mgawanyo huo ni matokeo ya kitaaluma yenye faida kwa mhakiki wa fasihi, hata kama mchezo wenyewe hautachezwa kamwe.

Wala lugha haitakuwa kikwazo. Safu, kikosi, ubavu, zamu, dadu, mwamuzi, jedwali na ari ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Kete, ambalo wachezaji wa bao wamelitumia kwa vizazi vingi, linaweza kukichukua kile kipande chenye vijisanamu bila kulazimishwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mchezo wa vita ulianza kama picha ya jeshi la viungo vinne, ukawa sataranji isiyokumbuka vita, ukarudishwa kwenye ramani na maofisa waliokuwa na vipimo, kisha ukachukuliwa na watu wa zama za kale ambao hawakuwa navyo. Ukosefu huo wa vipimo ndio uliougeuza kuwa uwanja wa hoja. Mtunzi wa kanuni za vita vya kale hawezi kuuliza ghala la silaha. Anaweza tu kuuliza maandiko, na kila anapoyauliza kwa usahihi huona jinsi yalivyo machache.

Kisa cha tembo wa Raphia kinatosha kuwa onyo. Sentensi moja ya Polybius ilirudiwa na Livy, ikapatanishwa na maumbile na Gowers, na kwa zaidi ya nusu karne ikakaa vitabuni kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Kilichohitajika ili kuitilia shaka mapema hakikuwa maabara. Lilitosha swali ambalo kila mtunzi wa kanuni hujiuliza kabla ya kuijaza safu ya jedwali lake: je, jambo hili limeshuhudiwa mara ngapi, na ni nani? Swali hilo ni la mwanahistoria na la mwanaisimu pia, na wanafunzi wa taaluma zote mbili wana haki ya kuwauliza walimu wao.